Eda Ndani ya Kobe

Cortijo Alto, mkoa wa Granada
27 Oktoba 2024

Kaka Aidarus,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia sasa joto la huko limepungua. Sisi huku baridi imeanza kushuka milimani, na Bi Remedios, jirani yangu, ameshaanza kuleta kuni bila kuombwa. Paskazia na Onesmus wapo nami. Unawakumbuka kwenye picha: yule muuguzi wa Bukoba niliyefanya naye kazi Leicester miaka yote ile, na mumewe mrefu asiyekaa kimya. Sasa amekaa kimya.

Siku ile kwenye simu nilikusikia ukitafuta la kusema. Usijali. Simu tumeiachia vifo na Idi, na mengine yote tumeyaweka kwenye karatasi tangu nilipoondoka Unguja, kwa hiyo na hili naliweka hapa.

Tulikuwa wiki ya tatu ya safari. Tulilaza gari Extremadura, magharibi ya Hispania, kando ya bwawa ambalo Mubin alilipenda kwa sababu maji ya bomba ni ya bure na mbwa wa pale hawabweki. Alfajiri ya tarehe 12 niliamka kuswali, nikasikia ukimya wake. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na miwili. Sikuhitaji kumshika mkono ili nijue. Nilimshika. Tulimzika Granada, kwenye makaburi ya Waislamu, na Onesmus akatuendeshea Kobe, lile gari letu la kulala, mpaka nyumbani.

Sasa jambo langu. Unajua kila kiangazi nyumba yetu hugeuka gesti. Marafiki wa Leicester wanakuja wawili wawili, na tangu Julai mimi na Mubin tuliwaachia vyumba, tukawa tunalala ndani ya Kobe hapa hapa uani, hata siku ambazo hatukuwa safarini. Mubin alisema amestaafu kazi na kuta pia. Basi eda yangu niikalie wapi? Nimeingia ndani ya Kobe na nimekataa kutoka. Paskazia anasema huzuni imenichanganya. Niulizie kwa mtu anayejua.

La pili. Miezi minne na siku kumi zikitimia, lazima mtu aje anitoe. Kwa desturi ya nyumba yetu ni kaka. Anasimama mlangoni, anaita jina, na mjane anatoka kwa mguu wa kulia. Kaka niliyebaki naye ni wewe. Nakuomba uje. Unajua kwa nini nakuomba wewe, na kwa nini sisemi zaidi.

Nduguyo anayekuombea afya,
Mwanatumu


Deira, Dubai
19 Novemba 2024

Mwanatumu, mdogo wangu,

Barua yako imenifikia ikiwa imepigwa mihuri minne, kama mtu aliyevuka mipaka mingi. Ahlan nayo. Mimi ni mzima, goti halijambo, na hapa Muraqqabat mambo ni yale yale: mahoteli madogo, maduka ya manukato, na watu wa kila nchi wakiulizana njia.

Mubin nimemlilia kwa namna yangu. Mara ya mwisho alinipigia simu ya Idi akanieleza kwa dakika ishirini jinsi ya kumwaga maji machafu ya gari bila kujirushia. Nilidhani ananipotezea muda. Sasa ningeisikiliza tena yote.

Nilimwendea sheikh mmoja, mtu wa Mombasa, anayedarasisha katika msikiti mdogo nyuma ya mtaa wetu. Nilimweleza. Akaniuliza, "Hilo gari lina jiko?"

"Lina."

"Choo?"

"Kipo."

"Na alikuwa akilala humo kwa hiari yake, hata akiwa nyumbani?"

"Tangu Julai."

Akacheka kidogo, akajishika ndevu. "Mzee Aidarus, dada yako ana nyumba nzuri kuliko yangu. Alikokuwa akiishi na mumewe ndiko akae. Mwambie tu asiwashe injini."

Basi huna wazimu. Mwambie Paskazia.

Jambo moja la kusahihisha. Eda huhesabiwa kwa miezi ya mwezi mwandamo. Mubin alifariki tarehe tisa Mfunguo Saba. Miezi minne inakufikisha tisa Shaaban, ongeza siku kumi, unatoka Jumanne tarehe 18 Februari. Tafadhali weka alama.

Nikuarifu pia: kuanzia sasa andika kwa sanduku la posta lililo nyuma ya bahasha hii. Ni la Twaibu, Mkenya mwenye duka la vitambaa. Lile la zamani limefungwa. Ni mambo ya posta tu.

Ule vizuri. Usiache kuvaa soksi.

Kaka yako,
Aidarus


Cortijo Alto
11 Desemba 2024

Kaka Aidarus,

Shikamoo. Soksi navaa jozi mbili. Nakushukuru wewe na sheikh wako. Paskazia nilimsomea, akasema, "Haya, kama ni dini sina neno, lakini dini haijui baridi ya hapa." Wameondoka juzi. Onesmus kabla ya kwenda alichaji betri, akakagua gesi, akajaza maji, kisha akasimama nje ya dirisha akisugua kiatu chini. Nikamwambia sema. Akasema, "Shemeji, Kobe bado ina bei. Majira ya kuchipua watu wanatafuta." Nikamwambia atafute mwenyewe pa kulala siku atakayokuja tena. Akacheka kwa kuona haya.

Kwa hiyo nimebaki peke yangu, na nyumba tupu hatua chache kutoka hapa. Asubuhi nachemsha chai kwenye jiko la Mubin la mafiga mawili. Nikikaa kwenye kiti cha abiria nauona mlima na theluji. Kiti cha dereva sijakikalia. Miwani yake ya kuendeshea bado imening'inia kwenye kioo, na juu ya dashibodi kuna karatasi ya vituo vya ile safari, kumi na moja kwa mwandiko wake. Vinne tumevitia alama.

Bi Remedios anakuja na mayai siku ya posta, Jumanne na Ijumaa. Anapiga kioo kwa pete yake. "Mwanatumu, una nyumba yenye kuta nene kama za kanisa, unalala ndani ya kopo la samaki."

Nikamwambia ni sheria.

"Sheria ya nani?"

"Ya kwetu."

Akafikiri. "Mama yangu alivaa nyeusi miaka ishirini na sita. Wewe miezi minne. Sheria yenu ina huruma." Tangu siku hiyo anawafukuza wanaokuja kuchungulia.

Kuhusu hesabu: kalenda yangu ni ya duka la mbegu, ina picha ya trekta, na juu yake nimeandika 22 Februari. Mubin alikufa tarehe 12, miezi minne ni 12, na kumi ni 22. Najua mwezi unasemaje. Lakini kalenda hii ndiyo tuliyopangia safari, hii ndiyo tuliyomalizia, na siku nne za ziada nampa yeye. Usinibishie.

Na hukunijibu. Nimesoma barua yako mara tatu, pamoja na nyuma ya bahasha. Umeniambia habari za sheikh, za soksi, za sanduku la Twaibu. Hukuniambia utakuja au huji. Sanduku la arbab wako, huyo mwajiri wako, ulilitumia tangu ujana wako, Kaka, na siku moja ghafla linafungwa, ni mambo ya posta?

Sema neno moja tu. Nitalipokea lolote.

Mwanatumu


[Barua hii haikupelekwa posta]

Deira
5 Januari 2025

Mwanatumu,

Umetaka neno moja. Nitaandika mengi hapa kisha niyaweke chini ya godoro, kwa sababu nikiyapeleka utaniambia nisije, nami nitakutii kwa furaha, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Arbab alifariki Agosti. Nilimfanyia kazi tangu ofisi yake ikiwa chumba kimoja Al Jaddaf; mimi ndiye niliyemfasiria kila mkataba na kila barua. Wanawe wanafunga ofisi mwisho wa Februari. Siku ofisi inapofungwa, ukaazi wangu unafutwa, hata kama kwenye karatasi unaisha Julai. Nina miaka sabini na minne. Nchi nyingine ninayoijua ni Unguja niliyoiacha nikiwa na ndevu tatu, na hiyo haipo tena. Ipo nyingine yenye jina hilo, nayo hainijui.

Mtoto mkubwa wa arbab ana huruma. Amekubali kunihamishia kwenye kampuni yake mpya, mzee wa kusoma karatasi za Kiarabu, ili nibaki. Kwa umri wangu ni upendeleo mkubwa. Pasipoti yangu anayo yeye kwa ajili ya kazi hiyo. Alama za vidole na kipimo cha damu ni wiki ya tarehe 17 Februari. Nisipokuwepo nafasi imekwenda, haitarudi.

Na ndani ya pasipoti hiyo hiyo, Mwanatumu, kuna viza ya Hispania. Niliiomba siku nne baada ya kupokea barua yako ya kwanza. Wamenipa siku thelathini, kuanzia 10 Februari. Pasipoti moja, wiki moja. Nikija kukutoa eda, Dubai imeisha kwangu. Nikibaki, utakaa mlangoni kama Mama.

Ndiyo, nimeliandika. Baba alipofariki 1979, Mama alimaliza eda akakataa kutoka mpaka mimi nije nimwite. Alikaa wiki saba zaidi. Mimi niliandika kwamba arbab amenikatalia ruhusa. Kuhusu barua ile kuna jambo ambalo hujui, na hata hapa, kwenye karatasi isiyokwenda popote, kalamu inasita.

Fleti sina tangu wanawe waliporudisha funguo. Ninaishi chumba cha watu sita, na Mganda mwema ameniachia kitanda cha chini kwa sababu ya goti.

A.


Deira, Dubai
6 Januari 2025

Mwanatumu, mdogo wangu,

Nimefurahi kupata habari za Bi Remedios. Mpe salamu zangu, mwambie namuunga mkono kuhusu huruma ya sheria.

Huku ni msimu mzuri, jioni watu wanatembea na masweta wasiyoyahitaji. Kazi ipo kiasi. Kuhusu tarehe sitakubishia, ingawa mwezi uko upande wangu.

Kuhusu lile uliloniuliza, nipe muda. Kuna karatasi zinazosubiri karatasi nyingine. Ikiwezekana, inshallah.

Ujifunike.

Aidarus


Cortijo Alto
29 Januari 2025

Kaka,

Shikamoo, na kwanza nisamehe, nimevunja kanuni yetu. Barua yako ya "ikiwezekana" ilifika jana. Neno "inshallah" kwenye mwandiko wako nalijua. Ukiliandika polepole namna ile huna nia nalo. Nikapiga simu.

Hukupokea wewe. Sauti ya mwanamume ikasema, "Hello. Mzee hayuko, nyabo, mama yangu. Simu ameacha kwa chaji."

"Wewe nani?"

"Mimi Ramathan. Niko sekyuriti kule minara ya JLT, nimetoka shifti. Tunashea rumu na mzee."

"Mnashea rumu? Kaka yangu ana fleti."

Akasema, "Aa. Fleti, ndiyo. Hata hii ni fleti. Tuko sita ndani. Mzee yuko kitanda cha chini."

Nikamwambia mimi ni dada yake, niko eda, si vizuri kuzungumza sana na mwanamume nisiyemjua, kwa hiyo aniambie ukweli kwa ufupi. Akapumua. "Mama, mimi sijui kudanganya mtu yuko kwa matanga. Yule arbab amekufa. Mzee anangoja kuhamishwa, mwezi wa pili. Akitoka nje hiyo wiki, khalas, harudi tena Dubai. Na kila siku anaangalia ile kalenda yake ya mwezi, anapiga hesabu, halafu anaikunja. Sisi tunamwambia, mzee lala. Anasema, nyinyi lala, mimi nasoma."

Nilimwomba asikuambie kwamba nimepiga. Akasema, "Mzee ni kama baba yangu hapa." Nikamwambia ndiyo maana.

Kwa hiyo sikiliza. Usije. Nakuambia kwa moyo mweupe. Umekaa huko nusu karne na zaidi, una msikiti wako, una mtaa unaokujua, una kitanda cha chini. Watu wa umri wetu hawahamishwi mara mbili. Bi Remedios atasimama mlangoni ataniita. Jina langu analitamka vibaya lakini analitamka kwa mapenzi. Nitatoka kwa mguu wa kulia, nitaoga, nitafukiza udi aliouacha Paskazia, na nitakula. Yatosha.

Nilikuomba kwa sababu ya Mama. Sikupaswa. Kuna mambo ya wakati ule ambayo hata wewe huyajui, na mengine si ya kukutwisha wewe.

Nenda katoe damu yao. Kisha niandikie sanduku jipya.

Mwanatumu


Deira, Dubai
14 Februari 2025

Mwanatumu,

Barua hii haitapita posta. Nitaibeba mwenyewe mfukoni, maana posta itachukua wiki tatu na mimi nitachukua siku moja.

Jana nilikwenda kwa mtoto wa arbab. Ofisi imejaa maboksi. Nilimfundisha kusoma Kiingereza akiwa na miaka saba, chini ya meza ya baba yake, kwa maandishi ya kwenye makasha. Nikamwambia, "Nipe pasipoti yangu."

Akadhani sikuelewa. "Ammi Aidarus, Jumatatu ni vidole. Ukiichukua sasa, mimi sina njia ya pili."

"Najua."

"Unakwenda wapi?"

"Kumtoa dada yangu eda."

Hakuna aliyehitaji kumfasiria hilo. Akafungua droo, akanipa. Kisha akasimama akanibusu bega, akasema, "Baba angekuruhusu." Sikuweza kumjibu, kwa sababu utakayoisoma baadaye, nikipata moyo wa kuiandika.

Nikaenda Al Jaddaf kutazama palipokuwa ofisi yetu ya kwanza. Pana mnara wa vioo. Nilijiona ndani ya kioo: mzee mwenye koti la kuazima. Koti ni la Ramathan. Wanaume watano wa chumbani wamenifungia sanduku. Kila mmoja ametia kitu. Nina tende, sabuni, chaja tatu na mwavuli. Ramathan ameniambia, "Mzee, huko kuna baridi, usiende kujifanya kijana." Anajua jambo fulani asiloniambia. Anaangalia pembeni kila nikikutaja.

Nilidhani nitaogopa zaidi. Kinachonisumbua ni vitabu. Nimevigawa, vyote isipokuwa viwili, na mikono imebaki haijui ishike nini.

Nitafika tarehe 18, kwa hesabu ya mwezi.

Aidarus


Nyumbani kwako, upande wa pili wa ua
20 Februari 2025

Mwanatumu,

Sina haja ya kukuuliza hali. Saa moja iliyopita nilikuona ukikaanga biringani. Bi Remedios atakuletea barua hii pamoja na mayai. Ni hatua kumi na nne, nimezihesabu.

Nilipofika juzi ulifungua mlango wa Kobe, ukanitazama tangu koti mpaka viatu, ukasema, "Karibu Kaka. Bado siku nne." Nikakupa barua ya mfukoni, ukanipa habari ya ile uliyoituma kunizuia, ambayo nadhani leo Twaibu anaitumia kuwekea vitambaa. Tukacheka mpaka ukajishika ubavu. Tangu hapo tumekula pamoja mara saba. Tumezungumza juu ya bei ya gesi, kifua cha Mubin, marafiki wako wa Leicester wanaopika mayai kwa siagi. Kila nilipofungua mdomo kwa lile jingine ulinimiminia chai. Na kila ulipofungua wewe, mimi niliuliza kuhusu mlima. Tumezeeka lakini karatasi ndiyo bado tunayoiweza. Basi haya.

Mwaka 1979 arbab hakunikatalia. Alinipa ruhusa ya miezi miwili, na tiketi aliikata yeye, akaiweka juu ya meza yangu ndani ya bahasha. Ilikaa pale siku tisa. Niliogopa kwamba nikitia mguu Unguja sitaruhusiwa kutoka tena, kama wengine wa wakati ule. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa yote. Niliogopa pia kumwona Mama akitoka mlangoni na mimi nikiwa ndiye mkubwa wa nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilipenda kuwa mtu asiyejulikana na yeyote. Nikarudisha tiketi. Nikawaandikia kwamba nimenyimwa. Arbab aliiona barua ile kabla sijaifunga. Hakuwahi kuitaja mpaka amekufa.

Umenichukulia miaka yote hiyo kama mtu aliyezuiwa. Sikuzuiwa.

Siku zangu hapa zinaisha tarehe 11 Machi. Baada ya hapo ni Unguja, kwa mjukuu wa shangazi aliyekubali kunipokea. Sijui nitakuwa nani huko. Lakini keshokutwa nitasimama mlangoni pako, na kabla sijaita nimetaka ujue ni nani anayekuita.

Aidarus


Ndani ya Kobe
21 Februari 2025

Kaka Aidarus,

Shikamoo. Bi Remedios anauliza kwa nini watu wawili wanaoonana dirishani wanamtumia mzee wa miaka themanini kama tarishi. Nimemwambia hii ndiyo barua ya mwisho.

Nimeisoma ya kwako. Kisha nikaosha sahani, nikaisoma tena. Nimekasirika, sitakuficha. Nilikasirika kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Halafu nikakumbuka kwamba sina haki ya kukasirika peke yangu.

Mama hakujua kusoma hati za Kizungu. Barua zako zote nilimsomea mimi. Ile ya 1979 ilifika asubuhi, siku mbili kabla hajamaliza eda. Alikuwa ameshatoa kanga mpya sandukuni, ameiweka mapajani. Nikaanza kusoma. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba umekataliwa, niliinua macho nikamwona anavyonitazama, nikasoma kitu kingine. Nikasoma, "Mama, ninakuja, nisubiri."

Nilidhani nampa siku mbili tatu za furaha, kisha nitatafuta namna. Sikuipata. Alikaa karibu na mlango, nyuma ya pazia, kila asubuhi ameoga. Nikisema, "Mama, wiki zimepita, twende nikutoe mimi," anasema, "Mwanangu ameniambia nisubiri." Wiki saba. Siku niliyomwambia ukweli hakunipiga wala hakulia. Alinyanyuka, akatoka mwenyewe, bila kuitwa na mtu. Alitoka kwa mguu wa kushoto. Nilimwona, na hakuugeuza.

Wewe ulimwandikia uongo mmoja, mimi nikamsomea mwingine, na miaka arobaini na sita kila mmoja wetu amekuwa akimtunzia mwenzake wa kwake. Mubin peke yake nilimwambia. Alisema nikuandikie. Nikasema Kaka atanichukia. Akasema, "Basi angalau atakuwa ameandikiwa." Ndiyo sababu nilikuita wewe. Nilitaka siku moja katika nyumba yetu kaka aje kweli.

Sasa ya kesho. Milozi ya Bi Remedios imefunguka maua yote leo, ukuta mzima mweupe nyuma yako. Uliponipungia mkono dirishani hukuiona kwa sababu uliipa mgongo. Kobe ina mafuta nusu tangi. Kwenye karatasi ya Mubin vimebaki vituo saba, na wewe una siku kumi na nane. Mimi nitaendesha, kwa kuwa umekaa Dubai maisha yako yote na hujui hata kurudisha gari nyuma. Nitakaa kwenye kile kiti. Wewe utasoma ramani na kunisahihisha. Habari za Machi tutazizungumza njiani, kwa mdomo, kama watu wengine.

Njoo saa mbili asubuhi, baada ya jua kupita ukingo wa paa. Vaa koti la Ramathan. Simama karibu na mlango, usiite kwa haraka.

Ita kwanza jina la Mama, Afrah binti Idd, kwa sauti ya kutosha. Kisha ita langu.

Nitaitikia yote mawili.

Mwanatumu